Barua ya wazi kwa shemeji yangu, fundi wa friji

Shemeji mpendwa,

Pokea salamu zetu kutoka Nakuru. Sisi huku hatujambo, ila baridi ya asubuhi, na natumaini nanyi huko Kisumu mu wazima pamoja na joto lenu la ziwani. Nimeona nikujibu hadharani, kwa kuwa swali lako la kwa nini chombo cha wanaanga kihitaji mitambo ya kupoza ilhali kinaelea katika baridi isiyo na kifani huulizwa na wanafunzi wangu wa fizikia kila mwaka, na wengi wao huwa wamekwisha kujipatia jibu kutoka kwenye filamu, ambamo mtu akitupwa nje ya chombo huganda papo hapo. Filamu hizo zimetuharibia somo.

Wewe wajua kuliko mimi kwamba friji haitengenezi baridi, bali huhamisha joto kutoka ndani na kulimwaga nje kupitia ule wavu wa mabomba ulio mgongoni mwake. Wajua pia kwamba mteja akiisukuma hadi ikabanana na ukuta, hewa ikakosa pa kupita, kompresa huunguruma mchana kutwa na maziwa yakachacha vilevile. Tatizo la angani ni hilohilo la mgongoni, ila kule hewa haipo kabisa. Joto haliwezi kuchukuliwa na upepo wala kupita kwenye kitu kinachogusana na chombo, kwa kuwa hakuna kinachokigusa. Njia pekee iliyobaki ni mnururisho, yaani joto kujiondokea lenyewe kama miale kutoka kwenye uso wa kitu. Njia hiyo ni ya polepole sana kwa kitu chenye joto la kawaida la chumba, kwa hiyo dawa yake ni kuwa na uso mpana.

Ndiyo maana Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kimebeba rejeta nyeupe zilizokunjuliwa nje, kila moja ikiwa na urefu wa zaidi ya mita 20, nazo huzungushwa ili ziwe zimelikabili jua kwa ukingo wao mwembamba na si kwa bapa. Kituo huizunguka dunia kwa muda wa takriban dakika 90, kikitoka juani na kuingia kivulini mara kwa mara. Bila kinga, upande unaopigwa na jua ungefika nyuzi 121 za Selsiasi na ule wa kivulini ungeshuka hadi nyuzi 157 chini ya sifuri. Kinga yenyewe ni blanketi za karatasi nyembamba za plastiki zilizopakwa alumini, tabaka juu ya tabaka. Hata hivyo, blanketi inayolizuia jua lisiingize joto ndiyo hiyohiyo inayolizuia joto la ndani lisitoke.

Joto hilo la ndani ni jingi. Kila mwanaanga, hata akiwa ametulia, hutoa kiasi cha wati 100, na kompyuta, betri na vifaa vya majaribio hutoa mengi kupita hayo. Isitoshe, mahali ambapo vitu havina uzito, hewa ya moto haipandi juu. Itabaki palepale ilipopatia joto, ikikizingira kifaa, na vivyo hivyo pumzi ya mtu aliyelala inaweza kumzunguka kichwa akaanza kuvuta tena hewa chafu aliyoitoa. Feni basi hazizimwi, na kelele zake ni sehemu ya maisha ya humo. Hewa hupitishwa kwenye mabomba baridi, unyevu wa pumzi na jasho ukageuka kuwa matone, matone yakakusanywa na kusafishwa yawe maji ya kunywa. Vifaa vya umeme vyenye joto kali hufungwa juu ya mabamba ya chuma yenye njia za maji ndani yake. Maji hayo huzunguka katika mikondo miwili, mmoja wa nyuzi kama 4 na mwingine wa nyuzi kama 17.

Sasa hapa ndipo ninapotaka sikio lako la ufundi. Nje ya kuta maji yangeganda na kupasua mabomba, kwa hiyo kule huzungushwa amonia, ambayo haigandi hadi nyuzi 77 chini ya sifuri. Lakini haichemki ikawa gesi na kurudi kuwa kimiminika, kama ungetarajia wewe. Hubaki kimiminika mwanzo hadi mwisho, ikisukumwa na pampu tu, bila kompresa. Maji na amonia hukutana kwenye vibadilisha-joto bila kuchanganyika, kwa kuwa amonia ni sumu. Januari 2015 king'ora kilipoashiria kwamba imevuja ndani, wanaanga walikimbilia upande wa Warusi wakafunga milango, kisha ikabainika kwamba kosa lilikuwa la kompyuta.

Pampu nazo hufa. Tarehe 31 Julai 2010 pampu ya mmoja wa mikondo ya amonia ilizimika, nusu ya uwezo wa kupoza ikapotea, na vifaa vingi vikalazimika kuzimwa. Wanaanga Doug Wheelock na Tracy Caldwell Dyson walitoka nje mara tatu mwezi uliofuata. Mara ya kwanza kiungio kimoja cha bomba kiligoma kufunguka, na kilipolegea amonia ikatoka ikiruka kama vipande vya theluji. Pampu mpya, yenye uzito wa zaidi ya kilo 350 hapa duniani, ilifungwa katika safari ya tatu. Nadhani umeshawahi kugombana na nati ya namna hiyo, ingawa si ukiwa umevaa glavu zilizojaa hewa.

Utaniuliza kuhusu Apollo 13, safari ya Wamarekani ya kwenda mwezini iliyopata ajali njiani, ambayo wanaanga wake walitetemeka kwa baridi. Ni kweli, ila baridi ile ilitokana na kuzimwa kwa vifaa mwezi wa Aprili 1970 ili kuokoa umeme. Chanzo cha joto kilipokatika, joto lililokuwamo liliendelea kutoka taratibu bila kufidiwa, hadi chumba kikafika karibu nyuzi 3 na kuta zikalowa matone.

Kisa cha Soyuz MS-22, chombo cha Warusi cha kuwapeleka na kuwarudisha wanaanga, chaonyesha upande wa pili. Desemba 2022 rejeta yake ilitobolewa, kwa maelezo ya Warusi, na kijiwe kidogo mno cha angani, na kimiminika cha kupozea kikamwagika chote. Kukaa humo wakati kimeunganishwa na kituo hakukuwa taabu. Hofu ilikuwa kwamba watu watatu wakijifungia ndani yake kwa dharura, joto lao na la vifaa lingepanda kupita kiasi. Uamuzi ukawa kupunguza joto kwa kupunguza watu: kiti cha Frank Rubio, mmoja wa watatu hao, kilihamishiwa chombo kingine, Dragon, ili ikilazimu wawili tu warudi na Soyuz. Haikulazimu. Soyuz nyingine ililetwa tupu Februari 2023, ile mbovu ikateremshwa bila mtu, na wote watatu wakarudi Septemba baada ya siku 371.

Wasalimie watoto.

Shemeji yako,
Nakuru