Tunalipa mashineni ili lishe iondolewe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kauli inayorudiwa mno huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, kwamba kula vizuri ni jambo la wenye fedha. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa, lakini Iringa ilikuwa asilimia 57, na katika Njombe na Rukwa karibu nusu ya watoto. Hii ndiyo mikoa inayotegemewa na nchi kwa mahindi, kwa hiyo uhaba wa chakula peke yake hautoshi kueleza hali hiyo.

Umaskini upo, nami siupuuzi. Hata hivyo, sehemu ya fedha kidogo tuliyonayo tunaitumia kununua hasara. Mwenye debe la mahindi anayetaka sembe hulipia kwanza kukoboa, kisha kusaga, na mwishowe huondoka na unga pungufu, kwa sababu ganda na kiini, vyenye sehemu kubwa ya mafuta, vitamini za kundi B, madini ya chuma na zinki, vimebaki mashineni kama pumba, ambazo mfugaji huzichukua kwa ajili ya nguruwe na kuku wake. Sembe ni nyeupe na inapendeza mbele ya mgeni. Sioni faida nyingine, isipokuwa kwamba inakaa muda mrefu bila kuchacha. Unga wa dona, yaani wa mahindi yasiyokobolewa, ni wa kusaga kidogo kidogo, na unadai mahindi makavu yaliyochambuliwa punje mbovu, kwa kuwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka, si jambo la mzaha: mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Kuhusu mboga, wataalamu hutuhimiza tule maharage bila kutaja bei ya mkaa, ambayo kwa mpangaji wa mjini inaweza kuzidi ya maharage yenyewe. Ushauri wa kweli ungeanzia hapo. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha na kumwagwa maji yake huiva mapema zaidi, na yakichemshwa ya siku mbili kwa mara moja, moto unaotumika ni mmoja. Dagaa hawana shida hiyo, kwani huiva upesi na huliwa pamoja na mifupa yao, yenye madini ya chokaa. Wakisafishwa mchanga na kutwangwa, kijiko kimoja katika uji wa mtoto kinafanya kazi ambayo wengi tunadhani ni ya nyama tu. Inasikitisha kwamba dagaa wengi wa Ziwa Victoria huishia kwenye chakula cha mifugo.

Mchicha, matembele na majani ya maboga havihitaji kuchemshwa na kumwagwa maji, kama wengi wetu tulivyozoea. Vipikwe muda mfupi, kwa mafuta kidogo yanayousaidia mwili kupata vitamini A. Chai nayo isubiri, kwa kuwa ikinywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma ambayo mwili ungeyapata kwenye maharage hayo hayo.

Halmashauri zimeagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5 kwa ajili ya lishe. Napendekeza sehemu ya fedha hizo itumike kwa mapishi ya wazi sokoni na kwenye mashine za kusaga, ambako ndiko uamuzi wa kukoboa au kutokoboa unakofanyika, badala ya semina za ukumbini. Vilevile, kamati za shule zinapopanga michango ya wazazi kwa ajili ya uji na makande, ziamue kwamba mahindi ya wanafunzi hayatakobolewa, na fedha iliyokuwa ikilipiwa kukoboa inunue maharage au karanga.

Msomaji wako,
Makambako, Njombe