Mafaili yamerudi, majina hayakurudi

Wete, Pemba

Shoga yangu mpenzi Mwanaisha,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mama anakusalimu sana na bado anauliza kwa nini hukuja harusini kwa Time, hilo mtazungumza wenyewe. Nimekaa kimya kwa sababu sikutaka kukuandikia mpaka niwe na la uhakika juu ya ile diski ya Maalim, ile ya picha na sauti mlizorekodi vijijini. Sasa ninalo. Imefunguka. Si yote, lakini imefunguka, na sauti ya bibi yako imo.

Najua Khamis keshakuhadithia kwa namna yake. Umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena, na diski wakati wote inazunguka. Ulipotulia, partisheni ya picha, yaani fungu la diski lililowekewa picha, ilikuwa haionekani kabisa. Ya sauti ilionekana herufi yake tu, na ukiigusa kompyuta inataka uifomati kwanza. Fundi mmoja wa Chake akamshauri Khamis akubali, ati ikishafomatiwa itapona. Niliposikia hayo nilipanda gari siku ile ile nikaenda kuichukua. Ukifomati, kompyuta inaandika mpangilio mpya juu ya ule wa zamani, na huo wa zamani ndio tuliokuwa tunautaka. Mwanaisha, ukisikia mtu yeyote hapo mjini ana diski iliyomfika hivi, mwambie aikatalie kompyuta, achomoe, asiandike kitu humo hata kidogo. Na kama inagongagonga kwa ndani, basi asiiwashe tena hata mara moja, hiyo ni ya kupelekwa kwa wenye vifaa vya kuifungua.

Nataka uelewe kilichoharibika, kwa sababu watu wamekwambia kila kitu kimefutika. Hakikufutika. Mwanzoni kabisa mwa diski kama ile kuna sekta moja, kipande kidogo cha baiti 512, na ndani yake kuna baiti 64 tu zinazosema partisheni hii inaanzia wapi na ile ina ukubwa gani. Hapo ndipo palipoumia. Ni kama daftari la sheha limechanwa: nyumba zipo, watu wamo, ila mipaka haijulikani tena.

Sikuigusa diski yenyewe. Kwanza niliinakili nzima, sekta kwa sekta, kwa programu ya ddrescue, nikaiweka kwenye diski ya kuazima. Hii programu inaanza na sehemu zinazosomeka vizuri, zile mbovu inaziruka na kuzirudia mwisho, na inaweka kumbukumbu ya ilipofika. Kwa umeme wetu huu hilo ndilo lililoniokoa, maana ukikatika huanzi upya, unaendelea pale pale. Baada ya hapo kazi yote nimeifanya kwenye nakala.

Picha zilirudi vizuri mno. TestDisk, programu ya bure ya Mfaransa mmoja anayeitwa Christophe Grenier, ilipekua nakala yote ikatafuta alama za partisheni iliyopotea, ikaipata, na folda zikatoka na majina yake kama Maalim alivyozipanga. Mtambwe, Kojani, Micheweni, kila kitu. Ile picha yenu na bibi chini ya mkarafuu ipo, sijaona doa. Nilikaa nikaiangalia mpaka mama akaja kuuliza kuna nini.

Sasa sauti. Hapa ndipo ninapokuhitaji, na ndipo roho inaponiuma. NTFS, yaani mpangilio wa mafaili wa partisheni ya sauti, unaweka nakala ya sekta yake ya kwanza mwisho wa partisheni, kwa hiyo nilitumaini. Nakala hiyo ilikuwepo, nikairudisha, partisheni ikatambulika, lakini ndani hamna kitu cha kufungua. Lile jedwali kubwa linaloshika jina la kila faili na mahali lilipo ndilo lililoangukiwa na sekta mbovu. Akiba ya jedwali hilo ni mistari yake ya mwanzo tu, haitoshi.

Ikabaki programu ya PhotoRec. Hii haijali majina wala folda. Inasoma diski kuanzia mwanzo na kutafuta faili kwa namna linavyoanza. Kinasa sauti chako kilikuwa kinarekodi WAV, na kila WAV inaanza kwa herufi nne, RIFF, basi inazikamata kwa hizo. Imezitoa nyingi sana, alhamdulillahi. Lakini kila moja inaitwa kwa herufi f na namba ya sekta ilipokutwa, f1835008.wav, na nyengine mfano wa hiyo. Hakuna jina la mtu, hakuna kijiji. Tarehe nazo zimepotea, tofauti na picha, ambazo tarehe ya kamera imo ndani ya picha yenyewe. Na rekodi ndefu, zile zilizotawanyika vipande kwenye diski, zinakwenda vizuri halafu katikati anaingia mtu mwengine.

Bibi yako nilimjua kwa kikohozi chake kabla hajasema neno. Anaeleza walivyokuwa wanachambua karafuu usiku, halafu anaimba. Lakini wengine siwajui, Mwanaisha! Mimi sikuwepo safari zile, mlikwenda wewe na Maalim, na Maalim, Mungu amrehemu, hatumuulizi tena. Kuna bwana mmoja anasimulia habari za ngoma ya msewe kwa sauti nzuri ajabu, na mimi nimemwandika "mzee wa kwanza". Haifai aitwe hivyo. Wajukuu zake wako pahala fulani kisiwani humu na wana haki ya kumsikia.

Kwa hiyo nakuomba mawili. Diski tupu ya terabaiti 2, ukiweza kuazima, kwa sababu mwenye hii niliyotumia anaitaka kabla hajarudi Dar, na sitaki kufuta ile nakala mpaka tumalize. Mpe Salma akija na meli ya Mkoani. Na la pili, masikio yako. Nitakutumia vipande vifupi kwa simu, nawe uniambie ni nani.

Lile daftari la rangi ya kijani mlilokuwa mnaandika majina bado liko kwenu, au alibaki nalo Maalim? Mliwahi kupitisha rekodi zozote kwenye flashi? Je, kadi ya kile kinasa sauti iko wapi? Hata kama ulizifuta rekodi humo, mara nyingi hubaki mpaka uandike juu yake, basi tafadhali itoe, iweke, na usirekodi chochote tena, hata watoto wakikulilia. Yule bwana wa msewe alikuwa wa Kangagani au wa Ole? Na nani yule mwanamke anayecheka nyuma ya bibi yako kila akimaliza ubeti, ni shangazi yako Mize?

Nisalimie Bi Mkubwa na watoto. Salma anaondoka huko Alkhamisi, nijibu kabla yake.

Akupendaye,
Zuwena