Kuziba meno kusiwe anasa ya mjini

Mhariri,

Mama yangu mdogo, mkazi wa kijiji kimoja wilayani Rufiji, aliugulia jino miezi mitatu akisukutua maji ya chumvi, kwa kuwa zahanati ya kijijini haina mtaalamu wa kinywa, na nauli ya kuja huku Dar es Salaam ilizidi gharama ya tiba yenyewe. Alipofika, jino lilikuwa la kung'olewa tu.

Inaniuma zaidi kwa sababu njia ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono, isiyohitaji umeme wala mashine, ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Naiomba Wizara ya Afya iifikishe katika vituo vya afya vya vijijini, kwa bei wanayoimudu wakulima.

Msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam