Barua kwa Mwende kuhusu hekima

Riruta, Nairobi
Jumapili jioni

Mwende rafiki yangu,

Swali lako nimelipata, nami nimelizungusha kichwani kila nikipanda matatu. Unauliza kama hekima ya Mungu ni sifa yake, ni karama anayotujalia, au ni mtu. Ni yote matatu. Lakini jibu hilo halitakufikisha mbali siku ya Jumuiya, mkikutana waumini wa mtaa wenu, maana yule mzee wenu ataanza na Sulemani, na akishaanza na Sulemani hamtoki huko.

Huku nako ni vivyo hivyo. Kila harambee lazima mheshimiwa aombewe "hekima kama ya Sulemani", naye anainamisha kichwa kwa unyenyekevu usioonekana siku nyingine. Huwa natamani waendelee kusoma hadi mwisho. Kweli, kule Gibeoni kijana aliomba moyo wa kupambanua mema na mabaya, akaacha kuomba mali na maisha marefu, na Mungu akapendezwa naye. Sasa funua kurasa. Hekalu lilijengwa kwa miaka 7, nyumba yake mwenyewe miaka 13. Aliweka maakida 12 nchini, kila mmoja alishe nyumba ya mfalme mwezi mmoja kwa mwaka. Wake 700, masuria 300, na uzeeni akaijengea miungu yao mahali pa ibada mlimani, mbele ya Yerusalemu. Alipokufa, watu walimwendea mwanawe Rehoboamu wakamsihi awapunguzie nira nzito ya baba yake. Akawajibu kwamba baba aliwapiga kwa mijeledi, yeye atawapiga kwa nge. Ufalme ukapasuka vipande viwili. Mkenya hahitaji mahubiri marefu juu ya sura hiyo.

Ninachotaka uwaambie wanajumuiya ni hiki: Sulemani alipewa hekima, na aliyepewa kitu anaweza kukiacha njiani. Mungu hakupewa na yeyote. Hekima yake ni yeye mwenyewe. Ndiyo sababu Mithali sura ya 8 inashangaza hivyo, kwa kuwa pale Hekima hasimuliwi, anasema mwenyewe. Alikuwapo kabla ya milima kuwekwa imara, alikuwa kando ya Mungu kama stadi wa kazi, akifurahi, na furaha yake ilikuwa pamoja na wanadamu. Wakristo wa kwanza walisoma maneno hayo wakamwona Kristo.

Na hapo ndipo vita vilipozuka, tena huku kwetu Afrika. Arius, padre wa Alexandria, aliushika mstari wa 22. Katika Biblia ya Kigiriki waliyoitumia, Hekima anasema Bwana alimwumba. Basi, akahitimisha Arius, Mwana ni kiumbe, mkuu kuliko vyote lakini kiumbe. Angalia jambo moja ambalo makatekista wengi hulipita haraka: wapinzani wake hawakumjibu kwamba Hekima huyo si Kristo. Walikubaliana naye hapo. Walichobishania ni kama Hekima huyo ana mwanzo. Athanasius, aliyehudhuria Mtaguso wa Nikea, ule mkutano wa maaskofu wa mwaka 325, akiwa shemasi tu na baadaye akawa askofu wa Alexandria, aliandika kwamba kule kuumbwa kunahusu ubinadamu ambao Mwana aliutwaa. Hoja yake nyingine ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa vile hata mtoto wa Komunio ya kwanza anaielewa. Kama Mwana ndiye Hekima ya Mungu, na kulikuwa na wakati Mwana hakuwapo, basi kulikuwa na wakati Mungu hakuwa na hekima. Nani atathubutu kusema hivyo? Kwa msimamo huo alifukuzwa jimboni mwake mara 5.

Waorthodoksi, ambao seminari yao iko hapa hapa Riruta, wana kumbukumbu nzuri zaidi ya jambo hili kuliko sisi. Lile kanisa kubwa la Konstantinopoli lililokamilika mwaka 537, Hagia Sophia, wengi hudhani liliwekwa chini ya mtakatifu mmoja aitwaye Sofia. Jina hilo ni la Kigiriki, maana yake Hekima Takatifu, na liliwekwa wakfu kwa Kristo.

Lakini usiishie kwa Athanasius, la sivyo itakuwa darasa la seminari na akina mama watasinzia. Nenda Wakorintho wa kwanza, sura ya 1. Wayahudi wanataka ishara, Wayunani wanatafuta hekima, na Paulo anawapelekea mtu aliyetundikwa msalabani, kifo cha watumwa na waasi. Huyo ndiye anayemwita "Kristo, nguvu ya Mungu, na hekima ya Mungu". Hapo maombi yetu ya harambee yanaumbuka. Tunaomba hekima ili tupande, na Hekima mwenyewe alishuka. Sisemi kuomba ni kosa. Yakobo anamwambia aliyepungukiwa aombe. Nasema tu tujue tunaomba nini.

Kuhusu karama, tumia mafundisho ya Tomaso wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13. Yeye aliiunganisha hekima, kipaji cha Roho Mtakatifu, na upendo. Mtu anaweza kuhukumu mambo ya usafi wa moyo kwa sababu amesoma maadili, na mwingine akahukumu vizuri kwa sababu usafi huo unakaa ndani yake. Unamkumbuka yule mama wa Kawangware aliyekuwa akifagia kanisa, hajui kusoma, lakini Padre hakuwahi kupatanisha familia bila kumwita kwanza? Mtaje huyo. Tomaso atakuwa ameeleweka.

Mwisho, shemeji yako wa AIC, kanisa la Kiprotestanti, akija, atasema kitabu cha Hekima hakimo katika Biblia yake. Usibishane naye. Msomee sura ya 7, pale Hekima anapoitwa mng'ao wa mwanga wa milele, kisha mpe Biblia yake mwenyewe asome Waebrania 1:3 kwa sauti. Halafu mkaribishe chai.

Nitumie ujumbe mkimaliza, hasa ukiniambia mzee alisema nini juu ya wale wake 700. Nisalimie mama na watoto.

Rafiki yako,
Atieno