Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka wa Lancia Stratos

Ndugu wanachama,

Awali ya yote nawashukuru kwa ada zenu na kwa kuhudhuria vikao. Mapato na matumizi atayasoma mhazini. Mimi naomba nizungumzie kazi iliyotushughulisha zaidi mwaka huu, yaani historia ya Lancia Stratos, gari la rali la Italia la miaka ya 1970.

Magari mengi ya rali enzi zile yalikuwa ya familia, yakaongezewa nguvu. Stratos lilizaliwa kwa ajili ya mashindano. Cesare Fiorio, kiongozi wa timu ya Lancia, ndiye aliyelipigania. Marcello Gandini wa Bertone, kampuni ya usanifu wa magari, akalichora, na Ferrari ikatoa injini ya Dino, V6 (yaani yenye silinda sita) ya lita 2.4, iliyofungwa nyuma ya viti. Urefu wake ni mita 3.71 tu. Mliotazama picha kikaoni mtakumbuka ile milango: kwa ndani ina mifuko mipana ya kuwekea helmeti. Aliyeichora alikuwa na dereva wa rali akilini tangu mwanzo, na ndiyo maana nalipenda gari hili.

Lilitwaa ubingwa wa dunia wa watengenezaji mwaka 1974, 1975 na 1976. Dereva wake Sandro Munari naye akashinda rali ya Monte Carlo mara tatu mfululizo, 1975 hadi 1977.

Safari Rally ndiyo iliyoligomea. Mwaka 1975 Munari alimaliza wa pili na Björn Waldegård wa tatu, nyuma ya Peugeot 504 ya Ove Andersson. Mwaka uliofuata Joginder Singh wetu akashinda kwa Mitsubishi Lancer, na 1977 Munari akaambulia nafasi ya tatu. Lancia ilisubiri hadi 1988, dereva Miki Biasion aliposhinda na gari lake jingine, Delta Integrale. Mimi sioni aibu hapo: gari fupi na la chini namna ile kushika nafasi ya pili kwenye matope na mashimo ya Safari ni sifa kubwa.

Habari za Monte Carlo zimeandikwa sana. Za kwetu nyingi zimo vichwani mwa wazee: mafundi waliofungua boneti usiku kwa taa ya mkono, wanakijiji waliosukuma magari yaliyonasa topeni. Kamati inapendekeza mwaka ujao tuanze kuwarekodi. Mwenye mzazi au jirani aliyeshuhudia mbio hizo ampe katibu jina lake leo, kabla hatujafunga mkutano.