Elfi wachache wasipangwe mstari mmoja

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Arusha ambaye, wiki mbili zilizopita, aliwashauri vijana wanaoanza mchezo wa vita vya sanamu ndogo waliepuke jeshi la Elfi, kwa hoja kwamba askari wake ni ghali na hufa upesi, na kwamba anayeling'ang'ania ajaze wapiga mishale, akae nyuma ya meza na kusubiri. Sehemu ya kwanza ya hoja yake ni kweli tupu. Ushauri wa mwisho ndio unaonisikitisha, kwa sababu nimewaona vijana wa hapa Moshi wakiufuata, wakafungwa mchezo baada ya mchezo, kisha wakafungia sanamu zao kabatini wakiamini kwamba wao ndio wasio na akili ya mchezo huu.

Kwa wasomaji wasioufahamu, nieleze kwa ufupi. Wachezaji wawili hukaa pande mbili za meza ya futi 6 kwa 4, kila mmoja akiwa na jeshi la pointi sawa na mwenzake, tuseme 2,000. Vikosi husogezwa kwa kupima inchi, na mapigano huamuliwa kwa dadu. Mchezo unaojulikana zaidi ni Warhammer, uliotolewa na kampuni ya Games Workshop ya Uingereza mwaka 1983, ukasitishwa mwaka 2015 na kurudishwa mwezi Januari 2024 kwa jina la The Old World. Na upo pia Kings of War wa kampuni ya Mantic Games. Elfi ni viumbe wa hadithi za kale za Ulaya ya Kaskazini. Katika michezo hii ni wepesi, mahiri wa silaha na waliofunzwa vizuri, lakini miili yao haistahimili pigo zaidi ya mwili wa mwanadamu wa kawaida, na kwa kuwa umahiri hulipiwa pointi, mwenye Elfi huwa na askari wachache sana akilinganishwa na mwenye maorki au goblini, viumbe wengine wa hadithi ambao ni wa bei nafuu na huja kwa wingi.

Sasa tuufanyie hesabu ushauri wa mishale. Chukua wapiga mishale 20 wa Elfi katika Warhammer, wanaowarushia maorki wenye ngao na mavazi mepesi ya chuma kutoka mbali, yaani zaidi ya nusu ya zile inchi 30 ambazo pinde zao hufika. Kwa umbali huo Elfi hupata shabaha kwa 4 na kuendelea, yaani dadu likionyesha 4, 5 au 6, kwa hiyo ni mishale 10 tu inayofika. Mshale wenye nguvu 3 humjeruhi orki mwenye ugumu 4 kwa 5 na kuendelea, kwa hiyo yanabaki majeraha 3 na kidogo. Na theluthi ya hayo huzuiwa na ngao na vazi. Wanaokufa ni wawili. Maorki waliopangwa inchi 24 kutoka kwako, wakitembea inchi 8 kila zamu, watakufikia katika zamu ya tatu, na kwa muda wote huo utakuwa umewaua wawili, kisha wawili, kisha watatu walipokaribia. Kikosi cha maorki 30 kinafika kikiwa na watu 23, kinawakuta watu wenye pinde na miili laini, na mchezo unaishia hapo. Mwenzangu wa Arusha alisema Elfi hufa upesi. Ndiyo, hasa wakiwekwa mahali pamoja wakimsubiri adui aje awaue.

Sisemi mishale haina kazi. Kazi yake ni kupasua moyo wa kikosi kimoja kwa wakati mmoja. Kanuni za Warhammer kwa miaka mingi zimesema kwamba kikosi kinachopoteza robo ya watu wake katika awamu moja ya kurusha lazima kipime moyo wake kwa dadu, na kikishindwa hukimbia. Maana yake ni kwamba mishale ikirushwa kwa vikosi vinne haifanyi lolote, ila ikirushwa yote kwa kikosi kimoja cha watu 20, ikasaidiwa na mtambo mmoja wa kurushia mikuki, inaweza kukiondoa kikosi hicho uwanjani hata kama wengi wake bado ni wazima. Vikosi viwili vidogo vya wapiga mishale vinatosha kwa kazi hiyo, na pointi zinazobaki zina mahali pa kwenda.

Zinakwenda kwenye miguu. Katika Kings of War, na hapa nazungumzia toleo la pili la kanuni ambalo ndilo tunalolitumia, askari wa miguu wa Elfi ana kasi ya 6 na orki ana 5, na kila kikosi kinaposhambulia kinaweza kwenda mara mbili ya kasi yake. Elfi hufika inchi 12, orki hufika 10. Kati ya 10 na 12 kuna inchi mbili ambazo ni mali ya mwenye Elfi peke yake, na kwa kuwa kanuni zinaruhusu kupima wakati wowote, hakuna sababu ya kubahatisha. Simama inchi 11. Adui akibaki alipo, wewe ndiye unayeamua lini utamvamia. Akisogea mbele bila kukufikia, amekuletea mwili wake. Akirudi nyuma, amekupa uwanja bure. Kijana mmoja wa hapa kwetu, aliyekuwa amefungwa michezo sita mfululizo, nilimwomba asifanye kitu kingine chochote isipokuwa kushika utepe wa kupimia na kuhakikisha kwamba mwisho wa kila zamu hakuna kikosi chake kilicho ndani ya inchi 10 za orki. Alitoka sare mchezo huo, na uliofuata akashinda.

Hata hivyo, kushambulia wa kwanza kwa uso kwa uso hakutoshi, na hapa ndipo wengi waliokwisha kuielewa kasi bado hukwama. Tuseme, bado katika Kings of War, kikosi chako kina mashambulizi 15, yaani dadu 15 za kurusha, kinapata shabaha kwa 4 na kuendelea, na kama Elfi kina haki ya kurudia dadu lililoangukia 1. Haki hiyo ndogo inapandisha shabaha kutoka nusu hadi sehemu 7 kati ya 12, kwa hiyo dadu 15 zinatoa shabaha karibu 9, na dhidi ya adui anayejeruhiwa kwa 4 na kuendelea unapata majeraha 4 hivi. Adui wa watu 20 anaweza kuyavumilia hayo na kukurudishia kipigo. Lakini kanuni zinasema kwamba anayeshambulia ubavuni huzidisha mashambulizi yake mara mbili, na anayeshambulia mgongoni mara tatu. Kikosi kilekile, kwa pointi zilezile, kikiingia ubavuni kinatoa majeraha karibu 9, na kikiingia mgongoni 13. Hakuna panga la kununua wala mchawi wa kuajiri atakayekupa ongezeko kama hilo. Ndiyo maana nasema kila kikosi cha Elfi kiwe na mwenzake: mmoja anamkabili adui kwa mbele, mwingine anazunguka, na wakishambulia washambulie katika zamu moja, kwa sababu yule wa mbele akitangulia zamu nzima atakuwa amekwisha kabla mwenzake hajafika.

Swali ni jinsi ya kuupata huo ubavu, maana adui naye ana macho. Jibu analijua kila mtu aliyewahi kucheza drafti ya vizibo vya soda pale stendi. Katika drafti kula ni lazima, na mchezaji mzuri hutoa kete moja ili kete ya mwenzake iburutwe hadi mahali ambapo italiwa pamoja na nyingine mbili. Warhammer ina vikosi vyenye wazimu wa vita ambavyo navyo hulazimika kumvamia adui aliye karibu, na hata vile visivyolazimika huwa na bwana asiyeweza kujizuia. Wapanda farasi wepesi watano, au tai mmoja mkubwa, wakiwekwa mbele ya kikosi kikubwa cha adui, wasiwekwe sambamba nacho; wawekwe kwa mshazari. Anayeshambulia hulazimika kujipanga sawa na uso wa anayeshambuliwa, kwa hiyo kikosi cha maorki 30 kikiwameza hao watano kinageuka na kuutazama ule upande ulioelekezwa na mshazari wako, na ubavu wake unabaki wazi mbele ya wapanda farasi wako wazito waliokuwa wakisubiri. Tena si lazima wale watano wafe. Wanaposhambuliwa wanaweza kuchagua kukimbia. Adui anabaki katikati ya uwanja, pengine hajamgusa mtu, nao wepesi wakishakusanyika tena wanaruhusiwa kusogea zamu hiyohiyo. Binafsi naona tai ndiye askari bora wa jeshi zima, ingawa sijawahi kumwona akiua kitu cha maana.

Upande wa kupanga majeshi kabla ya mchezo, nina jambo moja ninalolishikilia sana. Wachezaji huweka vikosi mezani kwa zamu, na mwenye Elfi, kwa kuwa ana vikosi vichache, humaliza mapema na kumwachia mwenzake nafasi ya kupanga huku akiona kila kitu. Kwa hiyo anza na vya bei nafuu: tai, wapanda farasi wepesi, mtambo wa mikuki. Vizito viwekwe mwisho, na viwekwe upande mmoja wa meza. Meza ina inchi 72 kwa urefu. Maorki walioachwa upande wa pili, inchi 48 kutoka kwenye mapambano, wakitembea inchi 8 kwa zamu wanahitaji zamu 6, na mchezo wenyewe wa Warhammer huwa na zamu 6. Pointi walizogharimu zinakuwa kama hazikuletwa uwanjani. Ukimweka tai wako ndani ya inchi 8 kutoka kwao, kanuni za matoleo ya zamani zinawazuia kutembea kwa haraka, na hapo hata zamu 10 zisingewatosha. Jeshi lililokuzidi mara mbili kwa idadi linapigana nawe nusu kwa nusu.

Nakiri kwamba lazima pawepo mtu wa kusimama na kupokea pigo, la sivyo jeshi zima linakuwa la kukimbiakimbia. Katika bao, kete za mstari wa nyuma haziliwi, lakini mwenye kuuacha mstari wa mbele ukawa mtupu amefungwa. Kwa kazi hiyo, katika Warhammer, mimi huwachagua Walinzi wa Feniksi, Elfi wa miguu ambao katika matoleo ya zamani, baada ya vazi la chuma, walipewa nafasi nyingine ya kuepa jeraha kwa 4 na kuendelea, yaani nusu ya majeraha yaliyolipita vazi hupotea. Kikosi kimoja chao kinatosha. Elfi wenye mapanga makubwa wanauawa haraka mno wasipotangulia kupiga, kwa hiyo wapewe kazi ya ubavuni tu.

Mwenzangu wa Arusha aligusia pia gharama ya sanamu, na hapo ana haki ya kulalamika kwa niaba ya vijana. Ila katika Kings of War askari hawaondolewi mmoja mmoja. Kikosi husimama kizima hadi kitakapovunjika, na majeraha huhesabiwa pembeni. Sisi hapa tumekata plaiwudi. Kikosi cha Elfi 20 wa miguu, kila mmoja akikalia mraba wa milimita 20, watano kwa mistari minne, ni kibao cha milimita 100 kwa 80, na fundi seremala wa jirani hutukatia vya jeshi zima kwa asubuhi moja. Tunaandika jina la kikosi juu na kuchora mshale wa kuonyesha mbele ni wapi, kwa sababu ubavu usipojulikana ugomvi hauishi. Mwenye sanamu za kweli huzisimamisha juu ya kibao chake, na asiye nazo anacheza vilevile.

Ombi langu kwake ni kwamba achukue lile jeshi lake la wapiga mishale 60, apunguze wabaki 20, na pointi atakazopata aweke matai wawili, wapanda farasi wepesi kikosi kimoja na wazito viwili, kisha ashuke Moshi Jumamosi yoyote saa nane mchana. Maorki nitawaongoza mimi, na nitampa achague upande wa meza.

Wako katika mchezo,
Msomaji wa Kiboriloni, Moshi