Si kweli kwamba badiliko la kikemia halirudi

Mhariri,

Ukurasa wenu wa elimu umeandika kwamba badiliko la kifizikia hurudishika, na la kikemia halirudi. Mpwa wangu wa Senior One ameinakili sentensi hiyo daftarini kama ilivyo. Mimi nachoma chokaa hapa Muhokya, wilayani Kasese, Uganda, na kazi yangu inaikataa kila siku.

Nianze na nyundo. Jiwe la chokaa likishagongwa likawa kokoto, hakuna fundi wa kuliunga liwe bonge lilelile. Halirudi. Hata hivyo kila kipande, hadi vumbi linalotuganda kwenye nyusi, ni kalsiamu kabonati ileile, yaani dutu inayounda jiwe la chokaa. Hilo ni badiliko la kifizikia, tena la kudumu.

Sasa tanuru. Joto likifika nyuzi 900 hivi, jiwe huachia hewa ya kabonidayoksaidi. Kwa macho huoni ajabu: linatoka na umbo lake, limepauka tu. Liinue ndipo utashtuka. Kilo 100 za jiwe safi, likiiva sawasawa, hubaki kilo 56. Daktari mmoja wa Uskoti, Joseph Black, aliifuatilia hasara hiyo kwa mizani na kuchapisha matokeo yake mwaka 1756, wakati wengi waliamini kwamba ukali wa chokaa unatokana na kitu ilichokinyonya motoni.

Kisha mwagia maji. Mwanzoni kimya. Halafu jiwe linaanza kulia, linapasuka, linafura, linaporomoka kuwa unga mweupe huku mvuke ukipanda. (Mtoto asisogee hapo, chokaa hii hupofusha.) Mabadiliko yote mawili yako mbele yako kwa wakati mmoja. Chokaa na maji vimeungana kuwa kitu kipya, na joto linalotoka humo linafukiza sehemu ya maji. Mvuke ule ni maji yaleyale.

Ipake ukutani. Polepole inavuta kabonidayoksaidi ya hewani na kuwa kalsiamu kabonati tena, kama jiwe nililolitia motoni. Imerudi ilikotoka, na kila hatua, tangu tanuru hadi ukuta, ilikuwa ya kikemia.

Kule Katwe, jua linakausha maji ya ziwa na kuacha chumvi kwenye vidimbwi. Jua halikuitengeneza chumvi hiyo, ilikuwamo majini tangu mwanzo. Basi mtoto aulizwe hivi: je, kimetokea kitu ambacho hakikuwapo? Asiulizwe kama kinarudi.

Naomba sentensi ile isahihishwe katika toleo lijalo, kabla ya mitihani ya mwisho wa muhula. Na mwalimu yeyote wa Kasese anayetaka kuleta darasa lake, anakaribishwa siku ya kupakua tanuru. Aje na mizani, apime mawe mabichi na yaliyoiva.

Mchoma chokaa,
Muhokya, Kasese